Zulia la Matambara

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuanze na gunia. Sisemi hili la salfeti linaloteleza begani na kuchanika kabla ya kufika nyumbani. Nasema gunia lenyewe, la nyuzi za juti, la rangi ya kahawia, linalowasha shingo ya mchukuzi na kubaki na harufu ya mchele mwaka mzima. Waliokulia mjini enzi zile wanalijua vizuri. Mchele ukishamwagwa, gunia halikutupwa. Lilifutiwa miguu mlangoni, lilitandikwa chini ya godoro, liliziba dirisha wakati wa masika, na mwisho kabisa lilimfunika mbuzi.

Neno gunia tumelipata kwa Wahindi, na gunia lenyewe vile vile. Juti ililimwa Bengal. Tangu miaka ya 1830 ilisokotwa na kufumwa Dundee, kule Scotland, na kuanzia mwaka 1855 viwanda vikafunguliwa karibu na Calcutta. Kutoka huko magunia yakatawanyika duniani kote kwa meli. Yalifika Unguja na Mombasa, na gunia lile lile likafika pia kwenye pwani ya baridi ya mashariki mwa Marekani ya Kaskazini, yaani Maine, Nova Scotia na kisiwa cha Newfoundland. Huko wake za wavuvi na wakulima maskini walilifanyia jambo ambalo sisi hatukulifanya. Walilifumua mishono, wakaliosha, wakaliwamba kwenye fremu ya mbao kama ngozi ya ngoma, wakaligeuza zulia.

Labda utaniuliza, mazulia ya Wazungu wa nchi za barafu yanatuhusu nini? Nina sababu. Msikilizaji mmoja wa Temeke aliniandikia barua akilalamika kwamba vikundi vya akina mama vya kazi za mikono vinaanzishwa kwa mbwembwe, mgeni rasmi anakata utepe, picha zinapigwa, na baada ya miaka miwili ukiuliza unaambiwa kikundi kilikufa. Anataka kujua kwa nini. Sina jibu la mkato, ila ninacho kisa, na kisa chenyewe ni cha zulia la matambara.

Kwanza tuelewane zulia hili ni kitu gani. Si zulia la Uajemi lenye mafundo, wala si mkeka wetu wa ukili. Ukiisha kuwamba gunia, unachukua nguo kuukuu, sketi ya sufu, koti la marehemu, blanketi lililotoboka, unaichana vipande vyembamba na virefu kama utepe. Utepe unaushika kwa mkono wa kushoto chini ya gunia. Mkono wa kulia, juu, umeshika kulabu ndogo, mfano wa sindano ya kroshia ya akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi, ila hii ina mpini wa mbao, na mara nyingi ilikuwa msumari tu uliochongwa ncha. Unadunga tundu la gunia, unanasa utepe, unauvuta juu kitanzi kimoja. Unahamia tundu la pili, unavuta kitanzi kingine. Hakuna fundo hata moja. Kinachoshikilia zulia lote ni kubanana tu kwa vitanzi. Ukikuta zulia lenye vitanzi vilivyolegea unajua fundi alikuwa na haraka, au mwanga ulimwishia.

Juu ya asili ya ufundi huu wataalamu wanabishana. Mwandishi mmoja Mmarekani, William Winthrop Kent, alishikilia kwamba ulianza kwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Yorkshire, Uingereza, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 waliruhusiwa kuchukua nyumbani mabaki ya nyuzi, vipande vya inchi 9 visivyofaa kitu kiwandani. Inawezekana. Ila kazi kama tunavyoijua leo ilistawi upande wa pili wa Atlantiki, na haikustawi mpaka magunia yalipofika kwa wingi, katikati ya karne hiyo. Kitani kilichofumwa nyumbani kilikuwa kizito na matundu yake madogo, kulabu haipiti kwa urahisi. Gunia lina matundu ya kutosha, tena halikuwa na bei, kwa sababu lilikuja na unga au viazi ndani.

Kulikuwa na jambo lingine. Miaka ile ile mashine za kufuma mazulia zilianza kufanya kazi Massachusetts, na mwenye fedha akawa ananunua zulia la kiwandani kufunika sebule nzima. Maskini alitazama sakafu yake ya mbao, ambayo wakati wa baridi hupitisha upepo kama chujio, naye akataka zulia. Kwa hiyo zulia la matambara lilizaliwa na wivu pamoja na baridi. Sisemi hivyo kwa kulidharau. Vitu vingi vizuri vya majumbani mwetu vimezaliwa hivyo hivyo.

Nikumbushe hapa kwamba Massachusetts hiyo si ngeni kwetu. Meli za Salem ndizo zilizoleta Unguja kile kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Marekani ilitia saini mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, konsuli wake akafika Unguja mwaka 1837, na kiwanda cha nguo cha Naumkeag kikaanza kazi hapo Salem mwaka 1847. Bibi zetu walijifunga kaniki na merikani wakati bibi wa kule Maine wakichana sketi zao kuukuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na soko la merikani kwetu likayumba.

Vita hivyo hivyo vilimtoa jeshini askari mmoja mgonjwa, Edward Sands Frost, mtu wa Biddeford, Maine. Afya haikumruhusu kurudi kwenye kazi yake ya zamani ya kiwandani, akawa mchuuzi wa vyombo vya bati, anazunguka na mkokoteni wa farasi kutoka shamba hadi shamba. Machinga, kwa lugha ya kwetu. Frost aliona kwamba akina mama wanaofuma mazulia wanahangaika kuchora. Huyu anachora farasi anafanana na mbwa, yule anachora maua anakosa nafasi ya jani. Mwaka 1868 alianza kukata michoro kwenye mabati, anaiweka juu ya gunia, anapaka rangi, na gunia lililochorwa analiuza. Akafikisha michoro karibu 180, simba akiwemo, ingawa sidhani kama kuna mteja wake yeyote aliyewahi kumwona simba. Mwaka 1876 aliuza biashara akahamia California.

Wapenzi wa sanaa wamemlaumu sana Frost. Wanasema aliua ubunifu, kwamba kabla yake kila zulia lilikuwa mawazo ya mwanamke mwenyewe, na baada yake nyumba elfu zikawa na simba yule yule. Mimi nadhani wanamwonea. Frost aliuza gunia lenye mchoro basi. Mama alinunua akitaka, rangi alichagua mwenyewe, na zulia likiisha lilikuwa lake. Waliokuja baadaye walikuwa na masharti mazito zaidi, na hao ndio ninaotaka tuwatazame kwa kituo.

Twende Newfoundland. Hiki ni kisiwa kikubwa kwenye mdomo wa ghuba ya mto St. Lawrence, na ng'ambo yake iko bara ya Labrador, nchi ya mawe, barafu na samaki aina ya chewa. Hadi mwaka 1949 hakikuwa sehemu ya Kanada. Kilikuwa nchi yenye serikali yake chini ya Taji la Uingereza, na nakuomba msikilizaji ulishike hili: mwaka 1934 nchi hiyo, ya Wazungu watupu au karibu na hapo, ililemewa na madeni hata ikasalimisha serikali yake, ikatawaliwa na tume iliyoteuliwa kutoka London. Sisi tuliozoea kusikia habari za masharti ya wakopeshaji tunadhani ni balaa la Mwafrika peke yake.

Mvuvi wa huko hakuishika fedha. Wakati wa majira ya kuchipua, mfanyabiashara wa bandarini alimkopesha nyavu, chumvi, unga, chai na nguo. Vuli ilipofika, mfanyabiashara yule yule alichukua samaki, bei akapanga mwenyewe, hesabu akaandika mwenyewe kwenye daftari lake mwenyewe. Mara nyingi mvuvi aliambiwa bado anadaiwa. Watu waliishi na kufa bila kugusa noti. Miaka ya 1930, soko la samaki lilipoanguka, msaada wa serikali kwa asiye na kitu ulikuwa senti 6 kwa mtu kwa siku.

Katika maisha hayo zulia lilikuwa na msimu wake. Bahari ikiganda na samaki wameisha, mwezi Februari na Machi, fremu zilitolewa na kuegemezwa jikoni karibu na jiko. Mchoro ulichorwa kwa kaa lililokufa. Rangi zilitokana na maganda ya vitunguu, magamba ya miti na kuvu za mawe. Jirani alikuja na kulabu yake, akakaa upande wa pili wa fremu, wakafuma pamoja huku wakisemana na kusema watu, maana kazi ya mikono bila umbeya haiendi popote duniani. Zulia jipya liliwekwa sebuleni. Mwaka uliofuata likashuka jikoni, baadaye kibarazani, mwisho likafunikia viazi. Na zulia zuri la jikoni lililazwa kifudifudi siku zote za wiki, likageuzwa uso juu Jumapili au padri anapobisha hodi. Nilipoijua habari hii nilicheka peke yangu. Nilikumbuka vikombe vya wageni vya kwetu, vile vilivyokaa kabatini hata vikapata utando wa buibui, na sisi tukinywea vya bati.

Mwaka 1892 alifika huko daktari Mwingereza, Wilfred Grenfell, ametumwa na misheni ya wavuvi wa bahari kuu. Alikuta kifua kikuu, utapiamlo na watu ambao hawajawahi kumwona daktari. Alijenga hospitali, akafanya makao yake makuu kijiji cha St. Anthony. Alikuwa mtu wa vituko pia. Mwaka 1908, siku za Pasaka, alikwama juu ya pande la barafu lililochukuliwa baharini, akachinja mbwa wake watatu apate ngozi za kujifunika, akaokoka. Baadaye Mfalme alimpa cheo cha heshima, akawa Sir Wilfred.

Grenfell hakupenda kugawa sadaka. Aliamini kwamba maskini akipewa bure anavunjika uti wa mgongo. Kwa hiyo alitafuta kazi ya kuwapa. Mwaka 1906 alikuja Jessie Luther kutoka Rhode Island, mwanamke aliyekuwa amewafundisha wagonjwa kazi za mikono kama sehemu ya tiba. Alileta kazi ya kufuma nguo na ya kufinyanga udongo. Baada ya miaka michache ikaonekana wazi kwamba biashara iko kwenye kitu ambacho wanawake wa huko walikijua tayari kabla yeye hajazaliwa, yaani zulia la gunia.

Hapo utaratibu ukapangwa. Misheni ilichora gunia, ikakata rangi zake kwa kiasi, ikafunga pamoja, ikapeleka vijijini kwa mashua au kwa mbwa wa kuvuta sleji. Mwanamke alifuma, akarudisha, akakaguliwa. Maua na miraba ya bibi zao haikutakiwa. Mnunuzi wa New York na Boston alitaka dubu mweupe, mbwa wa barafuni, meli, bata wa baharini, nyumba iliyofunikwa na theluji. Kwa ufupi, alitaka kununua Labrador anayoiwaza. Nayo misheni ikamchorea.

Na malipo? Kwa miaka mingi malipo makubwa yalikuwa nguo, zile zilizokusanywa makanisani Uingereza na Marekani na kupelekwa kwa marobota. Mwanamke alipata cheti, akaenda nacho kwenye stoo ya misheni, akachagua koti. Ndiyo, ndugu msikilizaji, mitumba. Ile ile tunayoiita kafa Ulaya. Walilipwa kwa kafa Ulaya, kisha wakaichana iliyochakaa, wakaifuma zulia, wakalipwa kafa Ulaya nyingine.

Sisemi kwamba Grenfell alikuwa mwizi. La hasha. Fedha za mazulia zilisaidia kuendesha kazi za misheni, na watoto wengi walivaa viatu kwa sababu ya mazulia hayo. Wazee wa huko wamemkumbuka kwa heshima, na wanayo haki. Lakini mtu aliyemkimbia mfanyabiashara wa samaki asiyelipa fedha taslimu, akaingia kwa daktari asiyelipa fedha taslimu, ana haki pia ya kuuliza tofauti iko wapi. Tofauti ipo, ni kubwa, ila si kubwa kama ilivyoandikwa kwenye taarifa za kuchangisha fedha.

Kazi yenyewe ilifika daraja la ajabu. Miaka ya 1920 misheni ilitangaza kwa wanawake wa Marekani na Kanada kwamba soksi zao ndefu za hariri zikitatuka wasizitupe, wazipeleke Labrador. Zikaja kwa maelfu. Hariri ikichovywa rangi na kukatwa ni nyembamba mno, na mafundi wazuri walidunga kila tundu la gunia bila kuruka hata moja, vitanzi hadi 200 katika inchi moja ya mraba. Chukua kalamu upige hesabu. Kizulia cha inchi 24 kwa 36, kile cha kuweka kando ya kitanda, ni vitanzi 172,800. Kimoja kimoja, kwa mwanga wa taa ya mafuta, Februari. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni picha iliyochorwa kwa brashi.

Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulipunguza wanunuzi, na vita vya pili vikaichukua hariri yote. Grenfell alifariki mwaka 1940, na kazi haikurudi tena katika ukubwa ule. Sasa mazulia hayo yanauzwa minadani kwa maelfu ya dola, yamo kwenye majumba ya makumbusho. Nyuma yake kuna lebo ya misheni. Jina la mchoraji mara nyingine linajulikana, maana misheni iliweka kumbukumbu za wachoraji wake. Jina la mama aliyevuta vitanzi 172,800 mara nyingi halipo.

Sasa sikiliza kisa cha pili, ambacho kina mwisho tofauti. Kusini ya Newfoundland kuna kisiwa cha Cape Breton, katika jimbo la Nova Scotia. Kwenye pwani yake ya magharibi kuna mji mdogo, Chéticamp. Wenyeji wake ni Wakadia, watu wa asili ya Ufaransa ambao babu zao walifukuzwa makwao na Waingereza kuanzia mwaka 1755. Wanasema Kifaransa mpaka leo. Nao walikuwa wavuvi wa mkopo, chini ya kampuni ya samaki iliyotoka kisiwa cha Jersey, na nao wanawake wao walifuma mazulia ya matambara wakati wa baridi. Wachuuzi walipita wakiwapa linoliamu, lile kapeti gumu la kupiga deki, wakachukua mazulia. Mama alifurahi, anadhani amempata mjinga. Mchuuzi alikwenda kuuza zulia Boston kama kitu cha kale.

Jirani yao kidogo, Baddeck, ndiko alikojenga nyumba yake ya mapumziko Alexander Graham Bell, yule wa simu. Kupitia familia yake alifika msanii Mmarekani, Lillian Burke, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akaanza kazi na wanawake wa Chéticamp. Alikuwa na jicho, huo ni ukweli. Aliwaambia waache matambara, watumie sufu nyembamba iliyosokotwa, wachovye rangi zilizopoa. Michoro alichora yeye. Soko alilijua yeye, maana aliuza New York kwa wapambaji wa nyumba za matajiri. Mazulia yakawa makubwa, ya kutandika ukumbini, yanafumwa na wanawake kadhaa kwa pamoja kwa miezi. Na tofauti na Labrador, alilipa fedha, kwa kila futi ya mraba. Katika mji ambao mume alirudi kutoka baharini na deni, mke akawa ndiye mwenye noti mkononi. Nadhani hilo peke yake lilibadili mazungumzo ya mezani katika nyumba nyingi.

Ila mwenye noti huanza kuhesabu. Wanawake walijua kwa futi wanapata kiasi gani. Baadaye habari ikawafikia ya bei ya futi hiyo hiyo New York. Wakati huo huo ilikuwa imekamilika, mwaka 1932, barabara ya kuzunguka ncha ya kisiwa inayoitwa Cabot Trail, na watalii wakaanza kupita na magari mlangoni pao. Katikati ya miaka ya 1930 walidai nyongeza, wakakosana na Burke, na baadhi yao wakajitoa. Walichora wenyewe. Waliacha mazulia makubwa ambayo mtalii hawezi kuyabeba, wakafuma madogo, ya kuweka mezani, ya kuning'iniza ukutani, wakayatundika barazani ambapo mwenye gari atayaona.

Mji uligawanyika. Waliobaki na Burke waliwaona wenzao wakosefu wa fadhila. Mama amewatoa kwenye matambara, amewafundisha rangi, leo mnamgeuka? Waliojitoa nao walikuwa na lao. Ndugu msikilizaji, mimi siwezi kuamua kesi hiyo moja kwa moja. Bila Burke soko la New York lisingejua Chéticamp iko wapi. Bila wanawake wale Burke angebaki na michoro yake kwenye karatasi. Lakini angalia jambo moja: waliweza kujitoa. Walikuwa na ufundi ambao ni wao, barabara iliyopita mlangoni, na fedha kidogo waliyokuwa wameshika tayari. Mwanamke wa Labrador, ambaye gunia lilikuja limechorwa na malipo yalikuwa koti, angejitoa aende wapi?

Walikuwa na kitu kingine pia. Karibu tu na Chéticamp, bonde la Margaree, alizaliwa mwaka 1882 padri Moses Coady. Kutoka Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, mjini Antigonish, Coady na wenzake waliwazungukia wavuvi na wachimba makaa, wakiwakalisha vikundi vidogo jikoni kusoma hesabu zao wenyewe: samaki wanauzwa wapi, nani anapata nini, kwa nini dukani bei ni hii. Idara yao ya elimu ya watu wazima ilianzishwa mwaka 1928. Kutokana na vikundi hivyo vikatokea vyama vya ushirika, maduka ya ushirika, vyama vya kuweka na kukopa. Mwaka 1959 chuo hicho kilifungua taasisi yenye jina la Coady, na tangu hapo wamesoma huko watu kutoka nchi nyingi za Afrika, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo baadhi ya mambo ya ushirika yaliyofundishwa kwetu yalitoka kwenye jikoni zile zile zenye fremu za mazulia.

Baadaye wafumaji wa Chéticamp nao waliunda ushirika wao wa kazi za mikono. Kutoka kwao alitokea Elizabeth LeFort, aliyezaliwa mwaka 1914, mwanamke ambaye kwa kulabu na sufu alifuma sura za watu. Alimfuma Rais Eisenhower, zulia likaenda Ikulu ya Marekani. Alimfuma Papa, likaenda Vatikani. Alimfuma Malkia Elizabeth, likaenda Buckingham. Alifariki mwaka 2005, na kazi zake nyingi zimetundikwa katika jumba la makumbusho la mji wake. Jina lake liko mbele ya zulia. Si nyuma, kwenye lebo ya mtu mwingine.

Narudi kwa msikilizaji wangu wa Temeke. Nina shangazi yangu Rufiji, fundi wa mikeka ya ukindu. Tangu nikiwa mdogo nimemwona akichana miyaa, akichovya rangi kwenye sufuria lililotoboka, akisuka ukili huku anaongea, hautazami hata mara moja, halafu anaushona ukili kwa ukili mpaka mkeka unatoka. Miaka kadhaa iliyopita walifika wafadhili fulani. Wakaunda kikundi, wakaleta katiba, mhuri na daftari. Wakaleta na vipimo: vijimkeka vidogo vya kuwekea sahani, vyote rangi ya udongo, kwa sababu rangi za shangazi zinapiga kelele. Akina mama walisuka. Mzigo wa kwanza ulilipwa. Wa pili ulilipwa nusu. Wa tatu ulikaa chumbani kwa mwenyekiti hadi mchwa wakaufungua, kwa sababu mradi ulikuwa umefika mwisho wake na gari halikurudi. Hakuna aliyejua vile vijimkeka viliuzwa mji gani, kwa shilingi ngapi, wala nani mwingine angevitaka. Nani pale Rufiji anakula na kijimkeka chini ya sahani?

Shangazi alirudia mikeka yake mipana yenye nyekundu na zambarau. Siku hizi inashindana na mikeka ya plastiki inayotoka nje, ambayo ni rahisi na inafutika kwa tambara. Wateja wake wakubwa ni wa arusi na wa msiba. Wanakuja wenyewe, wanachagua, wanapatana bei uso kwa uso.

Nilipokwenda kumsalimia mara ya mwisho nilimsimulia habari hii yote, ya Labrador na ya Chéticamp, soksi za hariri na sura ya Papa. Alisikiliza, mikono haisimami. Kuhusu barafu hakushangaa. Kuhusu soksi aliguna tu. Nilipofika kwa wale waliojitoa, ndipo alipouweka ukili chini.

"Na huyo mama aliyekuwa akiwachorea," akaniuliza, "walipojitoa, kulabu alizichukua?"

Nikamwambia hapana, shangazi, kulabu zilikuwa zao.

"Haya," akasema, akaokota ukili wake.